Kisasili cha Nchi Tupu: Fasihi ya Walowezi na Siasa ya Ardhi katika Eneo la Gilgil

1. Utangulizi

Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi hufunzwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Kioo huonyesha kilicho mbele yake tu. Fasihi huweza kukificha kilichopo, na kile inachokificha kikaja kutendewa na wanasiasa kana kwamba hakikuwapo kamwe. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Makala haya yanachunguza jinsi maandishi na sanaa za walowezi wa Kenya zilivyowafanya wenyeji wa Bonde la Ufa 'wasiwepo', na jinsi jambo hilo lilivyosaidia kuhalalisha kuchukuliwa kwa ardhi yao. Mifano mingi itatolewa katika eneo la Gilgil na majirani zake: Naivasha, Elementaita, Njoro na Wanjohi. Mwishoni tutauliza iwapo kisasili hicho kilizikwa pamoja na ukoloni mwaka 1963.

2. Dhana mbili: kisasili na mpaka

Katika fasihi simulizi, kisasili ni masimulizi yanayoeleza asili ya watu, vitu au desturi, na ambayo wanajamii huyaamini. Mhakiki Mfaransa Roland Barthes, katika Mythologies (1957), aliipanua dhana hii. Kwake, kisasili cha kisasa ni usemi unaoigeuza historia ikaonekana kuwa maumbile. Jambo lililotendwa na watu fulani, mwaka fulani, kwa faida yao, huelezwa kana kwamba liko hivyo tangu dunia kuumbwa. Hiyo ndiyo maana tutakayoitumia hapa.

Dhana ya pili ni mpaka. Katika fasihi ya Marekani na ya makoloni ya walowezi, mpaka ni ukingo unaosogea: upande wa huku kuna ustaarabu, na upande wa kule kuna nchi isiyo na mwenyewe inayomngoja shujaa aifungue. Kiswahili hakina neno moja lenye maana hiyo. Mpaka wetu huwa baina ya wawili, na kitenzi kinachohusiana nao, kupakana, kina kiambishi cha kutendana. Mtu hapakani na utupu. Hupakana na jirani. Tofauti hii si ya sarufi peke yake, kama tutakavyoona.

3. Chimbuko la kisasili

Mwaka 1893, mjini Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alitoa mhadhara uliodai kwamba tabia na demokrasia ya Wamarekani zilitokana na kusonga kwao magharibi kwenye ardhi iliyokuwa huru. Wahindi Wekundu, waliokuwa wenye ardhi hiyo, walipewa nafasi ndogo sana katika hoja yake. Wakati huo Theodore Roosevelt alikuwa amekwisha kuanza kuchapisha The Winning of the West, kitabu chenye majuzuu manne kuhusu mada iyo hiyo.

Roosevelt ndiye kiungo kati ya nyika za Marekani na Bonde la Ufa. Mara tu baada ya kuondoka madarakani mwaka 1909, alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi kwenda bara, akawinda Naivasha na kumtembelea Lord Delamere huko Njoro. Katika African Game Trails (1910), aliyaona mashamba ya walowezi kuwa mfano wa yale aliyoyajua ujanani mwake katika magharibi ya Marekani. Kwa njia hiyo, mlowezi aliyekuwa na ng'ombe wanaokufa na madeni benki alivishwa joho la shujaa wa hadithi aliyefahamika dunia nzima.

4. Sifa za kisasili katika maandishi ya walowezi

Tukiyasoma maandishi hayo kwa pamoja tunapata sifa tatu kuu.

(a) Utupu wa nchi. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa himaya hii hadi 1904, aliichora nyanda ya juu katika The East Africa Protectorate (1905) kuwa nchi yenye watu wachache mno, iliyofaa Wazungu.

(b) Shujaa mwanzilishi. Elspeth Huxley, ambaye mama yake alilima Njoro kwa miaka mingi, alichapisha wasifu wa Delamere mwaka 1935. Jina la kitabu, White Man's Country, yaani nchi ya Mzungu, ni hoja kamili ya kisiasa hata kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Delamere anasawiriwa akipambana na magonjwa ya mifugo, ukame na serikali, na mapambano hayo yanafanywa kuwa hati yake ya kumiliki ardhi. Shamba lake la Soysambu, la takriban ekari 48,000 kando ya Ziwa Elementaita, ndiko alikozikwa mwaka 1931.

(c) Mwafrika kama mandhari. Katika Out of Africa (1937) ya Karen Blixen, Waafrika wanasifiwa, hata kupendwa, lakini aghalabu kwa namna ambayo vilima na wanyama husifiwa. Filamu iliyotokana na kitabu hicho mwaka 1985 ilishinda tuzo saba za Oscar. White Mischief ya James Fox (1982), inayohusu kuuawa kwa Lord Erroll mwaka 1941, iliwatangaza upya walowezi wa anasa wa Bonde la Wanjohi, ambao stesheni yao ilikuwa Gilgil. Kitabu hicho kinawachambua bila huruma, lakini hata kashfa zao zinalifanya bonde kuwa jukwaa la Wazungu, huku Mwafrika akibaki kuwa mtumishi anayepita na sinia.

5. Ushahidi wa ardhi yenyewe

Ramani peke yake inatosha kuutilia shaka utupu huo. Naivasha ni matamshi ya Kizungu ya neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka. Elementaita linatokana na neno la Kimaasai kuhusu vumbi, na Soysambu linataja mwamba wenye mabaka. Delamere alilipa shamba lake jina la watu ambao kisasili kilidai hawakuwapo. Karibu na Gilgil, huko Kariandusi, Louis Leakey alichimbua mwishoni mwa miaka ya 1920 shoka za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka nusu milioni. Ushahidi wa kale namna hiyo unaukanusha utupu.

Je, Eliot alisema uongo mtupu? La. Alichokiona kilikuwa na sababu. Katika miaka ya 1880 na 1890 ng'ombe wa Wamaasai walikufa kwa homa ya mapafu na sotoka. Kisha ndui, njaa na vita vya wao kwa wao vikawaua watu wengi. Wageni waliifikia nchi iliyokuwa matangani, wakaiandika kuwa nchi isiyo na mwenyewe. Hapa ndipo maana ya Barthes inapodhihirika: msiba wa miaka michache ulifanywa kuwa maumbile ya daima.

6. Kutoka kurasani hadi sheriani

Tusidai kwamba vitabu ndivyo vilivyotwaa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Milki ya Mfalme ilitungwa mwaka 1902, kabla ya vitabu tulivyovitaja. Kazi ya fasihi ilikuwa kukilinda kilichotwaliwa na kukifanya kionekane halali.

Kwa mapatano ya 1904, Wamaasai waliondolewa katika sakafu ya Bonde la Ufa, sehemu yao wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba hawatahamishwa tena. Mwaka 1911 walihamishwa tena. Mwaka 1913 Legalishu na wenzake walikwenda mahakamani. Mahakama ilikataa kuamua kesi hiyo kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mamlaka mbili. Tazama kinaya chake: ili kuwanyima Wamaasai haki, ilibidi sheria ikiri kwamba walikuwa mamlaka, yaani kwamba nchi haikuwa tupu.

Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitamka kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulizwa, lakini nyanda za juu zikaachwa mikononi mwa Wazungu. Tume ya Carter ilitoa ripoti mwaka 1934, kitabu cha Huxley kikafuata mwaka mmoja baadaye, na mwaka 1939 amri ya kifalme ikaiwekea mipaka rasmi nchi ya Wazungu. Msomaji wa London aliyejiuliza kama jambo hilo lilikuwa la haki alikuwa na wasifu wa shujaa wa kumtuliza.

7. Jibu la fasihi ya Kenya

Jibu la kwanza lilikuwa kuwarejesha watu katika mandhari. Katika Weep Not, Child (1964), Ngũgĩ wa Thiong'o anawasimamisha Ngotho na Bwana Howlands kwenye shamba moja. Mlowezi anaiona ardhi aliyoifuga kutoka mwituni. Kibarua wake anaiona ardhi ya wahenga wake. Kwa kuwaweka wote wawili katika sentensi zilizo karibu, mwandishi anaurudisha mpaka kwenye maana yake ya Kiswahili: kuna wawili.

J.M. Kariuki, mtoto wa maskwota wa Bonde la Ufa, alieleza maisha ya kizuizini katika Mau Mau Detainee (1963). Baada ya uhuru alipata mali na shamba huko Gilgil, lakini akaendelea kuonya dhidi ya taifa la matajiri wachache na mafukara wengi. Aliuawa Machi 1975, mwili wake ukapatikana Ngong, akazikwa Gilgil. Vilima vya Ngong ndivyo vilivyopendezwa sana na Blixen; tangu 1975 Mkenya hawezi kuvisoma kwa jicho la mandhari peke yake.

8. Kisasili baada ya uhuru

Lililo gumu zaidi kulikubali ni kwamba kisasili hiki kilibadili mavazi bila kufa. Mashamba yaliyouzwa kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi yalizua masimulizi mawili. La kwanza husema: sisi ndio tuliofyeka pori. La pili husema: hapa ni petu tangu mwanzo, wengine ni wageni. La kwanza limerithi sauti ya Delamere. La pili linaifuta historia ndefu ya watu kuhama na kuchanganyika. Yote mawili yanamhitaji jirani asiwepo.

Wakati wa ghasia za 1992 na za baada ya uchaguzi wa 2007, masimulizi hayo yaliua watu katika mkoa huu, Naivasha na Nakuru zikiwemo. Nasi wa Kiswahili tusijitoe lawamani, kwani neno lililotumiwa kuwaita majirani uchafu wa kuondolewa lilikuwa letu: madoadoa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliiweka kauli hiyo miongoni mwa zile za chuki. Zamani zaidi, watu wa pwani walikuwa na kisasili chao kuhusu bara, na neno mshenzi ni masalia yake.

Waandishi wa Kiswahili wamelikabili tatizo hili. Kufa Kuzikana ya Ken Walibora (2003) na Maua Kwenye Jua la Asubuhi ya Kithaka wa Mberia (2004) zinaonyesha uhasama wa kikabila bila kuufanya kuwa maumbile: una wachochezi wake, na una wanaonufaika.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba nguvu ya kisiasa ya kisasili cha walowezi ilitokana zaidi na kilichoachwa bila kutajwa kuliko kilichosemwa. Hivyo basi, mhakiki wa fasihi ya ardhi, iwe ya Huxley au ya mwanasiasa jukwaani, aanze kwa maswali matatu: Nani hayumo katika simulizi hili? Aliondokaje? Ni nani anayefaidika na kutokuwapo kwake? Lugha yetu imekwisha kutupa msingi wa jibu. Penye mpaka pana wawili, na kupakana ni kutendana.