MSAFIRI WA SHANTA NA LUGHA YA BAHARI

Katika makala haya nimeonelea tujifunze pamoja juu ya safari ambayo wengi wetu tutaifanya tukimaliza shule: kutembea pwani ya Kenya na shanta begani. Shanta, kwa asiyejua, ni ule mfuko wa mgongoni ambao sisi huuita "begi" tu. Msafiri wa shanta hakodi gari wala halali katika hoteli ya kifahari. Hupanda matatu, hulala hosteli, na akitaka kwenda visiwani huchanga pesa na wenzake wakakodi chombo.

Safari hii ni nafuu, tena inapendeza. Lakini bahari ina sheria zake, na asiyejua maneno yake huziona sheria hizo akiwa amechelewa. Ndiyo sababu somo hili nimelileta hapa badala ya kuwaachia walimu wa Jiografia!

1. Njia na malazi

Kufika Mombasa ni kazi ndogo: kuna mabasi, na tangu mwaka 2017 kuna reli mpya kutoka Nairobi. Ukielekea kusini utafika Shimoni, ambako vyombo huondoka kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, penye matumbawe na pomboo. Ukielekea kaskazini utapita Kilifi, Watamu na Malindi hadi Mokowe. Hapo unashuka garini na kuvuka kwa mashua hadi Lamu, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, na mwenye njia ni punda.

Katika hosteli chumba kimoja huwa na vitanda vingi. Kabla hujalipa, uliza mambo matatu: chandarua kipo? Pana mahali pa kufungia mali yangu kwa kufuli? Mlango hufungwa saa ngapi? Kisha kumbuka adabu. Nguo za kuogelea mwisho wake ni ufuoni, si mjini karibu na misikiti. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji ataponaje ikiwa mgeni amemletea fedheha mlangoni?

2. Hesabu ya mchango

Tuseme nahodha anataka shilingi 6,000 kwa safari ya siku moja. Mkiwa watu 3, kila mmoja atatoa 2,000. Mkiwa 8, mtatoa 750. Mkiwa 16, mtatoa 375 tu. Hapo ndipo shetani anapoingia! Mfuko unasema, "Ongezeni watu," lakini chombo hakijui hesabu ya mfuko. Kikipakiwa kupita kiasi hudidimia, ukingo ukakaribia maji. Sasa pomboo anatokea upande wa kulia, wote wanakimbilia huko na kamera zao, chombo kinalala ubavu na maji yanaingia.

Haya si ya kutishana. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakafa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Na hapo palikuwa pa kuvuka tu, wala si bahari kuu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa nahodha lisiwe bei. Liwe: chombo hiki hubeba watu wangapi?

3. Maji yana saa yake

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi kidogo siku moja, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Yakijaa leo saa nane mchana, kesho yatajaa karibu saa tisa kasoro dakika kumi. Mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana: hayo ni maji ya bamvua. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Yanatuhusu nini? Mfano ni magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda. Mashua hufika huko kwa kupita kijito chenye mikoko pande zote mbili. Maji yakipwa hubaki tope, na aliyechelewa kurudi atawalisha mbu mpaka maji yajae tena. Vivyo hivyo vyombo vya Pate vinavyopita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara: husubiri maji. Nahodha akikwambia "twangoja maji," usidhani ni mvivu. Anasoma saa usiyoiona.

4. Pepo

Kuna pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na mara nyingi bahari huwa tulivu na maji safi. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, na katikati ya majira hayo mawimbi huwa makubwa. Mwenye likizo ya Agosti, basi, asishangae akiambiwa leo hakuna safari. Pesa yake irudi mfukoni, ashukuru.

5. Mazungumzo ya mfano

Mwanafunzi: Shikamoo, nahodha.
Nahodha: Marahaba, wanangu. Mwataka kwenda wapi?
Mwanafunzi: Takwa, tukijaliwa. Chombo hiki huchukua watu wangapi?
Nahodha: Kumi, pamoja na mimi na baharia wangu.
Mwanafunzi: Sisi ni kumi.
Nahodha: Basi wawili watangoja, au mchukue mashua mbili.
Mwanafunzi: Na majaketi ya kuokolea maisha yapo ya watu wote?
Nahodha: Yapo. Yavaeni sasa hivi, si mkiona mawimbi.
Mwanafunzi: Maji yatapwa saa ngapi?
Nahodha: Jioni. Tutarudi mapema. Nikiwaita, msiniambie "bado kidogo"!

Huyo ndiye nahodha wa kusafiri naye. Anayesema "ingieni tu, hakuna matata" hata kabla hajawahesabu, mwageni kwa adabu na mtafute mwingine.

6. Msamiati

Mlingoti: mti unaoshika tanga.
Foromali: mti ambao tanga hufungwa juu yake.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi: sehemu ya nyuma.
Ngama: sehemu ya chini ndani ya chombo ambamo maji hukusanyika.
Farumi: vitu vizito, kama mawe au mchanga, vya kukipa chombo uthabiti.

Sasa ile methali tunayoikariri darasani, "Kwenda tezi na omo, kurejea ngamani," utaielewa. Tembea utakavyo, mwisho utarudi pale pale. Nami naongeza: heri urudi salama!

Zoezi

(a) Maji yakijaa leo saa tano asubuhi, kesho kutwa yatajaa karibu saa ngapi?
(b) Eleza tofauti kati ya bamvua na maji mafu.
(c) Wenzako wanataka kuongeza abiria sita ili mchango upungue. Andika mazungumzo ukiwashawishi waache.