BAWABU WA MLANGO WAKO NI NANI?



Ukipita mjini unaona geti, na getini pana mlinzi. Watu wengi wanampita hata salamu hawampi. Wanasema ile ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Lakini hebu alale usiku mmoja tu! Asubuhi mwenye nyumba ndipo atajua yule mlinzi alikuwa nani kwake.

Biblia inamwita mtu huyu BAWABU, yaani mngoja mlango. Soma karatasi hii mpaka mwisho, maana kazi hiyo na wewe unayo, ujue usijue.

1. BAWABU WA MJI: KUFUNGA

Miji ya zamani ilizungushiwa ukuta. Huingii ila kwa lango. Ukuta uwe mnene namna gani, lango likiwa wazi ni kazi bure.

Nehemia aliujenga ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Alipomaliza hakusema, "Sasa tupumzike." Aliweka mabawabu, akatoa amri: malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na wakati wa kufunga walinzi wawe wamesimama pale pale, makomeo yatiwe (Nehemia 7). Kuna akili hapo. Gizani humtambui anayeingia.

Baadaye walikuja wachuuzi siku ya Sabato. Hawakuja na mapanga, walikuja na mizigo ya zabibu, tini na samaki. Nani anaogopa samaki? Lakini watu wa Mungu walikuwa wameanza kuiacha Sabato yao kwa ajili ya biashara hiyo. Nehemia akafunga malango kabla Sabato haijaingia. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja, mara mbili. Akawaonya, nao wakaacha kuja siku hiyo (Nehemia 13).

Umeona? Adui haji kila mara na panga. Mara nyingine anakuja na kitu kitamu.

2. BAWABU WA NYUMBA YA MUNGU: KUTUNZA

Mfalme Daudi alipopanga kazi za Walawi aliweka wapiga vyombo vya muziki 4,000. Mabawabu je? 4,000 vile vile (1 Nyakati 23). Sisi tunampigia makofi mwenye gitaa, aliye mlangoni hatumwoni. Kwa Mungu hesabu ilikuwa sawa sawa!

Milango waligawana kwa kura, mkubwa na mdogo bila upendeleo. Upande wa mashariki walisimama 6 kila siku, kaskazini 4, kusini 4, na wengine penye ghala na upande wa magharibi. Jumla 24 (1 Nyakati 26). Walilala kuizunguka nyumba ya Mungu, na kila asubuhi wao ndio waliofungua. Vyombo vya ibada vilihesabiwa vikiingia, vikahesabiwa vikitoka. Wakuu wao wanne waliaminiwa vyumba na hazina (1 Nyakati 9). Basi bawabu hakuwa mtu wa kusimama tu. Alikuwa mtu wa kuaminiwa.

Na akiharibika yeye, nyumba nzima iko hatarini. Bigthana na Tereshi walikuwa walinda mlango wa mfalme Ahasuero, na hao hao ndio waliotaka kumwua (Esta 2). Hatari haikutoka nje. Ilikuwa imesimama mlangoni.

3. BAWABU WA SAMARIA: KUFUNGUA

Lakini sikiliza tena. Bawabu anayejua kufunga tu, huyo ni askari wa gereza. Kazi ya bawabu ni mbili: kufunga na kufungua.

Samaria ilizingirwa na jeshi la Shamu, njaa ikawa kali mno. Usiku mmoja watu wanne wenye ukoma wakaja langoni, wakawaita mabawabu: Washamu wamekimbia, wameacha chakula na mali! (2 Wafalme 7). Sasa fikiri. Wangesema, "Ninyi wakoma, tokeni hapa," je, usiku ule habari njema ingeingiaje? Lakini waliipokea, wakaipeleka nyumbani kwa mfalme, na mji ukala. Habari ya uzima ilikuja kwa watu waliodharauliwa, ikapita kwa bawabu.

4. WATOTO WA MWASI

Sasa wewe unasema, "Mimi nani? Kwetu wote walevi. Jina la baba yangu linajulikana kwa ubaya." Ngoja nikuonyeshe mabawabu hawa walitoka wapi.

Zamani mtu aitwaye Kora alimwasi Musa, nchi ikapasuka ikammeza (Hesabu 16). Lakini wana wa Kora hawakufa (Hesabu 26). Na ukisoma habari za mabawabu wa nyumba ya Mungu, unawakuta Wakora! Mzao wa mwasi akapewa kulinda mlango wa Mungu. Zaburi ya 84, yenye jina la wana wa Kora, inasema afadhali kusimama mlangoni pa Mungu kuliko kukaa ndani kwa waovu. Ukoo wao haukuwafungia mlango. Na wako hautakufungia.

5. MLANGO WAKO

Kijana, moyo wako ni mji. Macho ni lango, masikio ni lango, mdomo ni lango. Nani yuko zamu? Rafiki anakuletea bangi ya bure ya kwanza: hayo ni mapanga au ni samaki? Mtu mzima anakupa zawadi anasema usimwambie mama: umemhesabu akiingia? Picha chafu zinaingia usiku kwenye simu: makomeo yako wapi?

Ukijaribu kulinda peke yako utachoka. Utasinzia. Kila mtu husinzia. Ndiyo maana unamhitaji Yesu ndani, siyo nje. Yeye anasimama mlangoni anabisha (Ufunuo 3). Mwizi anavunja, lakini Yesu anabisha, kwa sababu bawabu ni wewe. Hakuna wa kukufungulia. Mama hawezi, mchungaji hawezi.

Usiseme kesho. Pale ulipo, sema hivi kwa moyo:

"Bwana Yesu, nimefungulia mambo mengi yaliyoniharibu. Nisamehe dhambi zangu. Leo nakufungulia wewe. Ingia, uwe Bwana wangu, unisaidie kulinda mlango huu. Amina."

Kama umesali hivyo, usikae peke yako. Mabawabu walikwenda kwa zamu na ndugu zao. Mwone mhudumu aliyekupa karatasi hii, mwambie, "Nimefungua." Naye atakuonyesha pa kuanzia.

Mungu akubariki.