Kabla ya Kuondoka Ngokolo

Huenda mwaka huu umepata kazi katika kambi ya uwindaji. Labda utabeba mizigo, utapika, au utafuata nyayo za wanyama. Wageni hutoka mbali, Marekani na Ulaya, nao hulipa fedha nyingi ili wapige nyati au simba. Wewe unatoka hapa Ngokolo. Lakini mkiwa porini sheria inawatazama nyote.

Usipande gari kabla hujauona mkataba. Uandikwe jina lako, kazi yako, mshahara wako, na nani atakayelipa matibabu ukiumia. Sasa unajua kusoma. Usome mwenyewe, polepole, ndipo utie sahihi. Siku za dole gumba zimekwisha.

Tuseme unakwenda Pori la Akiba la Maswa. Pori hili lilitengwa mwaka 1962, nalo liko kusini mwa Serengeti. Kutoka Ngokolo utapita Kolandoto na Mhunze, hadi Mwanhuzi katika Wilaya ya Meatu. Huko ndiko gari la kambi litakakuchukua. Katika pori la akiba serikali huruhusu kuwinda kwa leseni. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hairuhusiwi hata kidogo. Mpaka hauna ukuta. Mnyama huuvuka apendavyo, mwindaji haruhusiwi kumfuata.

Msimu wa uwindaji wa kitalii huanza tarehe 1 Julai. Mvua zimekwisha, majani yamekauka, na wanyama husogea karibu na maji. Usiku kuna baridi, kwa hiyo chukua blanketi. Viatu viwe vya zamani vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Viatu vipya huvaliwa harusini.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Usivae bluu wala nyeusi. Kwa nini? Kwa sababu mbung'o huzifuata rangi hizo. Ndiyo maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Mbung'o huuma hata juu ya shati, na baadhi yao hubeba vijidudu vya malale. Ukirudi nyumbani ukashikwa na homa, mwambie mganga wa zahanati kwamba ulikuwa porini. Asipoambiwa, huenda akatafuta malaria tu.

Porini kuna watu wawili wa kusikilizwa. Wa kwanza ni mwindaji bingwa, anayemwongoza mgeni. Wa pili ni askari wanyamapori, ambaye huangalia kwamba mgeni anapiga mnyama aliyeandikwa katika leseni yake tu. Simba awe ametimiza miaka 6. Pembe ya tembo iwe na uzito wa kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Twiga hapigwi kamwe. Basi wewe mfuata nyayo, tazama vizuri kabla hujanyoosha kidole.

Nyati aliyejeruhiwa ni hatari kuliko wote. Huingia kichakani, akageuka, akawangoja wanaomfuata. Kaa nyuma ya bunduki. Usikimbie mbele kwa ushujaa.

Sasa tuje kwenye nyama. Siku ya kurudi, mwenzako atakuambia, "Ndugu, weka kipande hiki mfukoni, watoto wapate kitoweo. Mnyama alipigwa kwa leseni, kuna kosa gani?" Kosa lipo. Leseni ni ya mgeni, si yako. Kwa sheria ya mwaka 2009, nyama ya mnyamapori nayo ni nyara ya serikali, kama vile pembe na ngozi. Wako Watanzania waliohukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kukutwa na nyara bila kibali. Askari wa kizuizini hajui nyama yako ilitoka wapi. Anajua karatasi tu.

Kama kambi inakugawia nyama, omba hati kabla ya kuipokea. Isome: je, jina lako limo? Mnyama ametajwa? Tarehe ni sahihi? Kama hati haipo, nyama ibaki kambini.

Maswali ya mazungumzo

1. Mkataba wako unapaswa kutaja mambo gani?
2. Kwa nini mfuata nyayo asivae shati la bluu?
3. Mwenzako amekwisha kuweka nyama ndani ya mfuko wako, na gari linaondoka. Utafanya nini?