Jani moja, mimea mingi: kuzalisha violeti ya Afrika nyumbani



Mara nyingi mu jarida hili tunaongea juu ya maharagi, mihogo na migomba. Leo tunaongea juu ya ua. Musicheke kwanza. Somo hili limetokana na ulizo la mama mmoja mu mkutano pembeni ya Bukavu. Alisimama akasema: «Ninyi ba agronome munatufundisha tu mambo ya shamba. Na siye tusiokuwa na shamba, tutafanya nini?» Mama huyu alikimbia kijiji chake sababu ya vita. Leo analipia chumba kimoja chenye dirisha moja. Siku ile hatukumupa jibu la maana, na tulirudi nyumbani na ulizo lake kichwani.

Jibu moja, dogo lakini la kweli, tulilipata ku dirisha. Ni violeti ya Afrika: mmea mfupi, majani manene yenye manyoya laini, maua ya zambarau, ya roze ao meupe. Inaishi mu kopo, haiombi shamba, na jani lake moja linaweza kuzaa mimea kadhaa.

Inatoka wapi, na inapenda nini

Watu wengi wanafikiri ni ua la Wazungu. Hapana. Kwao ni misitu ya milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, pamoja na sehemu za Kenya. Mwaka 1892, ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina Saintpaulia. Tangu pale limeenea ku madirisha ya Ulaya na Marekani. Lakini porini kwao, aina kadhaa ziko hatarini, sababu misitu inakatwa.

Tunasema habari hii kwa sababu moja: ukijua kwao, utajua namna ya kulilea. Kule linashika juu ya mawe, chini ya kivuli cha miti, karibu na vijito. Kivuli kinalikinga na jua. Vijito vinalipa hewa yenye unyevu. Jiwe nalo halituamishi maji, kwa hiyo mizizi haizami. Mambo hayo matatu ndiyo somo lote: mwanga bila jua kali, hewa yenye unyevu, mizizi isiyozama mu maji.

Vitu vya kutafuta

- Mmea mama mmoja, wenye afya, usio na wadudu.
- Wembe safi.
- Makopo madogo ya plastiki, kama ya yogati, yenye matundu chini.
- Chupa za maji za plastiki zilizokatwa, za kufunikia.
- Udongo mwepesi: vipimo 2 vya komposti ya majani iliyooza kabisa na kuchekechwa, kipimo 1 cha mchanga wa mto uliooshwa, na kipimo 1 cha makala iliyopondwa. Ku Kivu, vijiwe vyepesi vya volkano vinaweza kuchukua nafasi ya makala.

Udongo mwekundu wa mlimani peke yake haufai. Unashika maji na kukamata mizizi kama simiti. Kabla ya kutumia udongo wenu, mwagieni maji ya moto, halafu muache upoe na kuchuja maji yote.

Hatua kwa hatua

1. Chagua jani la katikati. Majani ya chini kabisa yamezeeka, na yale madogo ya moyoni ni chakula cha mmea mama. Usiyaguse.

2. Kata kikonyo, yaani mkia wa jani, ubakize urefu wa sentimita 3 hivi. Kata kwa kuinamisha wembe. Acha kidonda kikauke kidogo, dakika 15 ao 20.

3. Tia kikonyo mu udongo, sentimita 1 ao 1 na nusu tu. Ukizamisha sana, watoto watakawia kutoka, ao jani litaoza.

4. Lowanisha udongo kidogo, funika kopo na chupa iliyokatwa, weka mahali penye mwanga lakini jua lisilichome. Kila siku mbili tatu, fungua kidogo hewa ipite.

5. Ngoja. Mizizi inatoka kisha wiki 3 ao 4. Watoto wanaonekana pembeni ya jani kisha wiki 8 mpaka 12. Usivute jani kuangalia kama limeshika.

6. Majani ya watoto yakifikia upana wa sentimita 2 ao 3, toa udongo wote taratibu, tenganisha kila mtoto na mizizi yake, mupe kopo lake. Maua ya kwanza yanafika karibu miezi 6 mpaka 9 tangu siku ya kutia jani.

Angalisho: violeti ambayo petali zake zina mistari ya rangi mbili kama gurudumu, jani lake halizai ua la namna ile ile. Kwa hiyo, musimuahidi muteja rangi kabla ya kuona ua la kwanza.

Kosa letu sisi wenyewe

Tuliweka majani 20 mu ofisi yetu. Kila asubuhi tuliyamwagia maji, sawa vile tunafanya mu kitalu cha shu. Kisha wiki mbili, majani 17 yalikuwa meusi na laini, yameoza. Tulikuwa na diploma, tulikuwa na vitabu, na tuliua majani 17.

Yule mama tulimupa majani 5 siku moja na yetu. Kwake, 4 yalishika. Tulimuuliza alifanya nini. Akajibu: «Mimi niko na bidoni moja tu ya maji kwa siku, ya kupika na ya watoto. Naweza mwaga ovyo? Natia kidole kwanza. Kama udongo ungali baridi, naacha.»

Njo kanuni yetu tangu siku ile: kidole kwanza, maji nyuma. Udongo ukikauka juu, weka kopo mu sahani yenye maji kwa dakika 30, mmea unywe toka chini, halafu mwaga maji yanayobaki. Maji yawe ya joto la chumba. Maji ya baridi juu ya majani yanaacha madoa, na maji yanayolala mu moyo wa mmea yanauozesha.

Kusoma majani

Mmea hausemi, lakini majani yanasema:

- Vikonyo virefu, majani yamesimama kama yanatafuta kitu: mwanga ni kidogo. Sogeza karibu na dirisha.
- Majani yamepauka, ya moyoni yamebanana: mwanga umezidi. Dirisha linaloangalia jua la asubuhi ni zuri. Jua la alasiri linachoma.
- Majani yanalegea na udongo umelowa: mizizi inaoza. Usiongeze maji! Kata jani moja ao mawili yangali mazima, anza upya.
- Vidudu vyeupe kama pamba: tenga kopo mbali na mengine mara moja, vipanguse na pamba yenye alkoli.

Joto inalopenda ni nyuzi 18 mpaka 24. Ku Bukavu hakuna shida kubwa. Wale wa Lubumbashi, mwezi wa sita na wa saba, ondoeni makopo karibu na kioo usiku.

Likelemba ya majani

Mmea mama mmoja ukinunuliwa na kila mtu peke yake, ni mzigo. Sisi tunapendekeza mufanye sawa vile munafanya likelemba ya feza. Kikundi kinanunua mmea mmoja ao miwili. Kila mwanamemba anapokea majani 2 kwa zamu, bila kumaliza mmea mama. Watoto wakishika, anarudisha mmoja ku kikundi kwa ajili ya wale wanaofuata. Muandike mu kaye nani alipokea, siku gani, na nini kilishika. Kaye hiyo itaonyesha pia nani anahitaji msaada.

Halafu tuseme ukweli juu ya soko. Ua halijazi tumbo, na wanunuzi si wengi: ni hoteli, restora, maofisi, makanisa, watu wa ndoa. Mwenye kuwa na shamba asiache maharagi juu ya violeti. Kabla ya kuzalisha mingi, tumeni watu wawili mjini waulize: nani atanunua, mingapi, kwa bei gani? Hesabuni kopo, komposti, transporti na kazi yenu. Kama bei haifuniki hayo, bakizeni kidogo ya kupendezesha nyumba. Anayetafuta kuuza wakati wa Noeli, atie majani mwezi wa tatu ao wa ine. Na musiuze mmea mama hata kama muteja anasukuma: hiyo ni kula mbegu.

Maulizo ya kuongea mu kikundi

1. Mu koperative yetu, ni wanamemba gani hawana shamba? Tumeshawauliza wanahitaji nini?
2. Ni nani ana dirisha lenye jua la asubuhi?
3. Kuchagua mmea mama wenye afya kunafanana namna gani na kuchagua miti ya muhogo isiyo na ugonjwa?
4. Ni nani atachunga kaye ya likelemba?

Mukijaribu, mutuandikie majani mangapi yalishika, na mangapi yalioza. Yaliyooza pia tunataka kuyajua. Yule mama sasa ana makopo 9 ku dirisha lake, na jirani yake ameshaanza kumuomba jani.