Kufundisha Mtandao kwa Kompyuta Moja

Mkufunzi aliyekabidhiwa kompyuta moja na wanachuo arobaini huvutwa kuishika peke yake, na wanachuo wakabaki kutazama. Anahofu wataiharibu. Sisi nasi tulifanya hivyo, na wanachuo wakawa wananakili maneno ya ubaoni bila kuyaelewa. Katika makala haya tunaeleza jinsi mashine pepe inavyoweza kuwapa nafasi ya kuharibu na kujenga upya bila hasara.

Lengo
Mwisho wa somo mwanachuo aweze kutofautisha kazi ya swichi na kazi ya kidhibiti. Katika mtandao wa kawaida, kila swichi huamua yenyewe taarifa ipite wapi. Katika mtandao unaoongozwa kwa programu, kidhibiti ndicho huamua, na swichi hufuata maagizo.

Maandalizi
Mkufunzi aweke katika kompyuta programu ya VirtualBox, ambayo huendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Kisha aingize humo mashine pepe iliyokwisha tayarishwa ya Mininet, programu isiyolipiwa iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Jina la kuingilia ni mininet, na neno la siri ni hilo hilo. Kabla ya kipindi ahifadhi nakala ya mashine hiyo. Ikiharibika, atairudisha ilivyokuwa.

Hatua za somo
1. Wanachuo watatu waigize kompyuta, wa nne swichi, wa tano kidhibiti. Kompyuta zipelekeane barua kupitia kwa swichi. Swichi asipeleke barua kabla ya kupata maagizo ya kidhibiti.
2. Mwanachuo, wala si mkufunzi, aandike:
sudo mn --topo single,3
Amri hii huunda kompyuta tatu, swichi moja na kidhibiti. Aandike pingall; kila kompyuta itaziita nyingine mbili, na miito yote 6 itajibiwa. Amalize kwa exit.
3. Mkufunzi aulize: "Tukiondoa kidhibiti na kuziacha waya zote, kutatokea nini?" Kila kikundi kiandike jibu lake.
4. Mwanachuo mwingine aandike:
sudo mn --topo single,3 --controller none
Kisha aandike pingall. Hakuna mwito hata mmoja utakaojibiwa.

Tathmini
Kiini cha somo ni hatua ya tatu. Darasani kwetu wengi waliandika kwamba mawasiliano yataendelea, kwa kuwa waya hazikukatwa. Kosa kama hilo tusilisahihishe upesi. Turudie igizo, tumtoe kidhibiti nje, na swichi abaki amesimama na barua mkononi. Hapo wanachuo wataeleza sababu kwa maneno yao wenyewe.

Mwalimu mtarajiwa, huenda shule utakayopangiwa haina kompyuta. Igizo la barua halihitaji umeme. Na desturi ya kumwachia mtoto akisie, ajaribu na akosee, yafaa katika kila somo.