Kizunguzungu si ugonjwa mmoja

Mtu anajigeuza kitandani na ghafla nyumba nzima inazunguka. Anashika godoro kwa hofu huku kichefuchefu kikimpanda. Baada ya nusu dakika hivi hali hutulia, lakini akijigeuza tena, mambo huanza upya. Wengi hudhani ni presha, malaria au upungufu wa damu, wakakimbilia duka la dawa. Kweli maradhi hayo yaweza kumfanya mtu ahisi kichwa chepesi, lakini kizunguzungu cha namna hii mara nyingi hutoka sikioni.

Mmoja wa madaktari waliolichunguza tatizo hili kwa miaka mingi ni Profesa Thomas Brandt wa Ujerumani, bingwa wa maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian mjini Munich. Funzo kubwa la kazi yake ni kwamba kizunguzungu ni dalili ya maradhi mbalimbali, na kila moja lina tiba yake.

Mwili hujuaje kwamba umesimama wima?

Ubongo hupata habari kutoka sehemu tatu: macho, misuli na viungo, na sikio la ndani. Katika kila sikio mna mifereji mitatu myembamba iliyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo na kuinamisha vinyweleo vinavyoupasha ubongo habari. Karibu na mifereji hiyo mna chembechembe za chokaa zinazosaidia kutambua juu na chini.

Chembe hizi zaweza kubanduka kwa sababu ya uzee, pigo la kichwa, au bila sababu inayojulikana, kisha zikaingia mferejini. Mtu akilala au akiinua kichwa kutazama juu, chembe husukuma majimaji na ubongo hudanganyika kuwa mwili unazunguka.

Tiba bila vidonge

Mwaka 1980 Brandt na mwenzake Mmarekani, Robert Daroff, walitangaza tiba ya ajabu. Badala ya kumkataza mgonjwa mkao unaomsumbua, walimtaka aurudie makusudi mara nyingi kwa siku. Kati ya wagonjwa wao 67, wagonjwa 66 walipata nafuu kamili katika siku 3 hadi 14.

Zoezi lenyewe ni hili. Keti ukingoni mwa kitanda na ugeuze kichwa kidogo kushoto. Lalia ubavu wa kulia upesi, utulie sekunde 30 au mpaka kizunguzungu kiishe. Keti tena sekunde 30, kisha ugeuze kichwa kulia na ulalie ubavu wa kushoto. Rudia mara 5, asubuhi, mchana na jioni. Hata hivyo, usianze kabla daktari hajathibitisha chanzo cha tatizo lako, hasa ukiwa na maumivu ya shingo au mgongo.

Baadaye John Epley wa Marekani alieleza, mwaka 1992, njia ambayo daktari hukigeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua hadi chembe zitoke mferejini. Siku hizi madaktari wengi huanza na njia hiyo kwa kuwa huponyesha haraka zaidi.

Wale walioambiwa hawana ugonjwa

Mwaka 1986 Brandt na Marianne Dieterich walieleza kundi jingine: watu wanaohisi kuyumba wakisimama au wakitembea, hasa penye umati, ilhali vipimo vyao ni vya kawaida. Watu hawa hawajifanyi wagonjwa. Hofu ya kuanguka huwafanya wauchunge mno mwili wao, na kuchunga huko huzidisha kuyumba. Wakielezwa hivyo na kusaidiwa kurudia shughuli zao kidogo kidogo, wengi hupata nafuu. Mwaka 2017 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoa vigezo rasmi vya kutambua maradhi ya aina hii.

Usichelewe hospitali

Kizunguzungu chaweza pia kuwa dalili ya kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja iwapo kimeanza ghafla pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, maumivu makali ya kichwa, au kushindwa kabisa kusimama. Anayepoteza uwezo wa kusikia kwa ghafla naye asingoje.

Na ukienda kwa daktari, usiseme tu, "Nina kizunguzungu." Mweleze mambo matatu: unahisi kuzunguka au kuyumba? Hali hiyo hudumu sekunde, saa au siku? Na ni kitendo gani huianzisha? Majibu hayo matatu humwonyesha daktari pa kuanzia, nawe yaweza kukuepusha na gharama ya dawa usizozihitaji.