Kahawa Iliyovuliwa Kafeini na Kahawa ya Dele

Msomaji wetu wa Tanga, mzee wa miaka 61 ambaye siku kwake haijakamilika pasipo finjani mbili tatu za kahawa chungu barazani baada ya sala ya isha, ametuandikia kwamba usingizi umemhama, kwamba tabibu amempa vidonge vya shinikizo la damu, na kwamba mwanawe aliyeko Muscat amempelekea makopo mawili ya kahawa iliyoondolewa kafeini, akimsihi aache ile ya dele. Auliza: "Hii ni kahawa au ni jina tu la kahawa? Imetiwa dawa gani hata ikapotewa na ukali wake? Na mkaza mwanangu, ambaye ni mjamzito, naye aweza kuinywa?"

Shikamoo mzee wetu. Hiyo ni kahawa ya haki, iliyotoka katika mti uleule na kukaangwa katika moto uleule, ila imenyang'anywa kitu kimoja miongoni mwa vitu vingi mno vilivyomo ndani ya buni; na kwa kuwa kitu hicho ndicho chenye kuchangamsha, watu wamekidhania kuwa ndiyo kahawa yenyewe, wakaigawa mafungu mawili, yenye madhara na isiyo na madhara, ilhali mgawanyo huo hausimami. Kila lalamiko ulilo nalo juu ya kahawa lapaswa kuulizwa peke yake: je, latokana na kafeini, au latokana na jambo jingine ambalo makopo ya mwanao hayawezi kulibadili?

Nianze na hofu yako ya dawa, maana ina asili yake. Kafeini ilitengwa mwaka 1819 na mkemia kijana wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliyepewa punje za buni na mshairi Goethe azichunguze. Lakini karibu karne nzima ikapita kabla Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa mji wa Bremen ambaye yasemekana aliamini kuwa baba yake aliuawa na wingi wa kahawa, hajapata njia ya kuiondoa kwa kiasi cha kuuzwa, akaanzisha kampuni yake mwaka 1906. Yeye alitumia benzini, kitu kijulikanacho leo kuwa huleta saratani ya damu, na ambacho kiliachwa zamani. Siku hizi buni, ingali mbichi, hulainishwa kwa mvuke au kwa maji, kisha kafeini huvutwa kwa dikloromethani, au kwa ethili asetati, au kwa hewa ya kaboni dioksaidi iliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi, au kwa maji matupu yanayochujwa katika makaa. Dikloromethani ndiyo iwatiayo watu wasiwasi, na si bure, kwa kuwa mfanyakazi wa kiwandani akiivuta kwa wingi humdhuru. Walakini huchemka na kuruka katika nyuzi 40 hivi, na kahawa hukaangwa katika nyuzi zipatazo 200, hivyo kinachosalia ni kidogo sana, na sheria ya Marekani hairuhusu kipite sehemu 10 katika milioni. Asiyeridhika na hayo atafute kopo lililoandikwa kwamba yametumika maji.

Sasa usingizi, na hapa mwanao amesema kweli. Katika mwili wa mtu aliye macho hujikusanya kitu kiitwacho adenosini, ambacho kadiri mchana unavyosonga hukaa katika nafasi zake ndani ya ubongo na kuuletea uzito wa usingizi; kafeini, kwa kufanana nayo umbo, huzitangulia nafasi hizo, mfano wa mtu aliyekalia mkeka wa mwenzake barazani, na mwenyewe akija hukosa pa kukaa. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kawaida huwa na kafeini kiasi cha miligramu 80 hadi 100, na kile cha kahawa iliyovuliwa huwa na miligramu 2 hadi 15, ambazo ni chache ingawa si kapa. Finjani zako ni ndogo, lakini kahawa ya dele ni nzito, na ikiwa buni yake ni robusta kama ile ya Bukoba, kafeini yake hukaribia mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Mwili huhitaji yapata saa tano kutoa nusu ya kafeini uliyokunywa, kwa hiyo mtu aliyemaliza finjani zake saa tatu usiku huifikia saa nane akiwa bado na nusu yake mwilini, akageuka kitandani na kuulaumu uzee.

Kuhusu shinikizo la damu, kafeini hulipandisha kwa muda wa saa chache, na zaidi kwa asiyeizoea. Mnywaji wa miaka mingi kama wewe aghalabu huathirika kidogo. Badala ya kukisia, pima kabla ya kunywa, upime tena baada ya nusu saa au saa moja, ufanye hivyo siku kadhaa na umpelekee tabibu wako hesabu hizo. Lakini vidonge usiviache, kwa maana kahawa iliyovuliwa kafeini si dawa ya shinikizo, wala hakuna aliyeitengeneza kwa nia hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, wazee wa pwani wangestahili kuambiwa kwa sauti kubwa kuliko habari zote za kafeini, nalo ni mafuta ya buni. Ndani yake mna kafestoli na kahweoli, vitu viwili vinavyopandisha kolesteroli mbaya katika damu, na kahawa inayochemshwa na kumiminwa bila kuchujwa kwa karatasi, ndiyo hiyo ya dele, huvibeba vyote hadi kinywani. Kuondolewa kwa kafeini hakuviondoi. Kwa hiyo ikiwa makopo yako ni ya unga wa kupikwa, nawe ukaupika kama ulivyozoea, kwa upande huu utakuwa palepale ulipokuwa. Ukiupitisha katika chujio la karatasi, mafuta mengi hubaki huko. Ule unga wa kuyeyuka katika maji ya moto una mafuta hayo kidogo sana. Kiungulia nacho hakipotei kwa yakini, kwani kahawa ya kila namna huchochea asidi ya tumbo, japo wako wanaopata nafuu.

Usidhani pia kuwa wenye kunywa ya kopo wamekosa heri zote. Wataalamu waliofuatilia watu wengi kwa miaka mingi wameona kwamba wanywaji wa kahawa hupatwa kwa uchache na kisukari cha aina ya pili na maradhi ya ini, na wameyaona hayo kwa kahawa za aina zote mbili. Si uthibitisho kamili, maana wanywaji wenyewe huenda wakatofautiana na wengine kwa mengi. Na nikuulize kwa heshima: kashata ngapi hufuatana na finjani hizo? Kahawa chungu haina sukari hata chembe, na kisukari hakimjii mtu kwa kupitia dele.

Basi wala sikuambii uhame barazani. Kunywa ya kawaida asubuhi hata adhuhuri, na ile ya mwanao uifanye ya alasiri na usiku; ila ubadili kidogo kidogo kwa kuchanganya, kwa kuwa aliyezoea akiikata ghafla huumwa kichwa ndani ya siku moja, na taabu hiyo huweza kuendelea hata siku tisa. Chunga vilevile chai ya rangi ya usiku, ambayo kikombe chake kina miligramu 40 hadi 50, na vidonge vya maumivu, kwani vingine vimetiwa miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge.

Mkaza mwanao aweza kuinywa, tena kwake ina faida zaidi. Mtu mzima mwenye afya huambiwa asipite miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito asipite 200, akihesabu na chai yake, maana miezi ya mwisho ya mimba mwili hukawia kuitoa kafeini hata saa 15 badala ya tano, na hiyo humfikia mtoto tumboni. Lakini kwa habari ya damu, kahawa hizo mbili hazina tofauti: kinachozuia madini ya chuma yasiingie mwilini si kafeini, na hubaki hata baada ya kafeini kuondolewa. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kwa maji, na kahawa, iwe ya dele au ya kopo, aisubirishe saa moja au mbili baada ya vidonge na baada ya chakula. Na chai vivyo hivyo.